Dawa Iliyolala Kitabuni

Wazee wetu wa mwambao walikuwa na neno mahsusi la homa impatayo mtu anapohamia nchi asiyoizoea. Waliiita mkunguru. Msafiri aliyevuka kutoka visiwani kwenda bara, au mgeni aliyeshuka jahazini kutoka ng'ambo, alitarajiwa kupatwa na mkunguru kama alivyotarajiwa kuuliza njia. Na akishapona husemwa kwamba nchi imemkubali. Katika neno hilo hamna mbu wala kimelea, lakini mna jambo la kweli waliloliona wazee wale bila ya darubini: kwamba homa hii humpiga zaidi asiyeizoea, na kwamba mwili uliokwisha kuugua mara nyingi hujifunza kustahimili. Asiyeizoea kuliko wote ni mtoto mchanga. Yeye ni mgeni katika kila nchi.

Nimeanza na neno kwa kuwa maneno ndiyo kazi yangu. Si daktari mimi, wala sikusoma sayansi zaidi ya ile ya skuli. Nimetumia zaidi ya miaka thelathini kutunga na kufasiri, na ulimwengu wa dawa niliuingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu ya msiba.

Mwaka 1998 mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka mitatu, alishikwa na homa. Alipelekwa kituo cha afya, akaandikiwa klorokwini, nayo akapewa. Sisi tuliokulia katika zama za klorokwini tunaikumbuka dawa ile: uchungu wake uliobaki ulimini hata baada ya kikombe cha chai, na mwasho uliowafanya baadhi ya watu wajikune usiku kucha hadi wakaiogopa dawa kuliko homa. Mtoto alikitema kidonge cha kwanza, akapewa kingine. Homa ikashuka. Siku chache baadaye ikarudi kwa nguvu, na safari hii haikushuka. Tangu siku ile dada yangu amekuwa akijiuliza juu ya kidonge kilichotemwa. Je, alikimeza kile cha pili chote? Je, angemshikilia kinywa kidogo zaidi? Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe, na hilo ni zito zaidi.

Makala haya ni jibu nililomtafutia, nalo limenipeleka mbali kuliko nilivyodhani.

Historia ya dawa za malaria inaanza, kwa maandishi tuliyo nayo ya Ulaya, na magome ya mti wa sinkona wa milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kutoka katika magome hayo ile chembe chungu iitwayo kwinini. Dawa hiyo ndiyo iliyowawezesha Wazungu kuishi katika nchi ambazo hapo kabla ziliwamaliza. Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, sinkona ilikuwa miongoni mwa miti waliyoipanda. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowafungia bahari, walikamua magome ya miti hiyo ili kuwatibu askari wa von Lettow-Vorbeck, na kinywaji hicho kichungu askari wakakiita kwa mzaha pombe ya Lettow.

Tangu hapo vita na dawa ya malaria havikuachana. Mwaka 1934 mkemia wa Kijerumani, Hans Andersag, aliiunda klorokwini maabarani. Wakubwa zake waliiona kali mno kwa binadamu, wakaiweka kando. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java, kisiwa kilichotoa sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia, na majeshi ya upande wa pili yakajikuta hayana dawa. Wamarekani ndio walioitazama upya klorokwini, wakaiona inafaa. Ikawa rahisi, ikawa nyingi, ikafika hadi kwenye duka la mtaani. Kwa kizazi kizima ilifanya kazi kama tulivyoahidiwa.

Lakini kimelea cha malaria hakikukaa bure. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenye mpaka wa Thailand na Kambodia na huko Kolombia, walionekana wagonjwa wasioponywa na klorokwini. Usugu huo ulisafiri polepole kutoka Asia, na mwaka 1978 ukathibitishwa Afrika Mashariki. Hapa visiwani, mwaka 2001, dawa ilipopimwa kwa kuwafuatilia wagonjwa siku kumi na nne baada ya tiba, ilionekana kushindwa kwa asilimia 60. Katika kila wagonjwa kumi, sita dawa haikuwafaa.

Niliposoma tarakimu hiyo kwa mara ya kwanza, niliirudia. Kisha nikahesabu miaka: mtoto wetu alifariki miaka mitatu kabla ya kipimo hicho. Usugu haukuanza siku uliyopimwa. Inawezekana sana kwamba hata kama asingetema chochote, dawa ile isingemwokoa.

Ilipokuwa klorokwini inachakaa mikononi mwetu, mrithi wake alikuwa amekwisha kupatikana, na namna alivyopatikana inamhusu kila mtu anayeishi kwa kusoma. Katika vita vya Vietnam, malaria iliwaangusha askari wa kaskazini msituni, na klorokwini haikuwasaidia. Serikali yao iliiomba China msaada. Tarehe 23 Mei 1967 China ilianzisha mradi wa siri, ukaitwa kwa tarehe yake: Mradi wa 523. Mamia ya watafiti waliingizwa humo. Mwezi Januari 1969 mradi ukamfikia mfamasia wa Beijing aitwaye Tu Youyou, aliyezaliwa mwaka 1930, asiye na shahada ya udaktari wala masomo ya ng'ambo. Alikuwa amehitimu famasia, kisha akasomeshwa tiba ya jadi ya Kichina kwa miaka miwili na nusu. Alipopelekwa Hainan kuwaona wagonjwa, binti yake mkubwa aliachwa katika nyumba ya kulelea watoto na mdogo akapelekwa kwa wazazi wake. Baadaye alisimulia kwamba aliporudi, mtoto wake hakumtambua.

Tu na wenzake walifungua vitabu vya kale. Walikusanya maagizo ya dawa zaidi ya 2,000, wakachagua 640 yaliyoelekea kuhusu homa za vipindi, wakajaribu mamia ya vikamuo kwa panya. Mmoja wa mimea hiyo ni ule Wachina wauitao qinghao, majani madogo yenye harufu kali, jamaa ya mpakanga. Mara ulifanya kazi, mara haukufanya. Wangeweza kuuacha, kama ulivyoachwa na wengine.

Hapo ndipo Tu alipokirudia kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya nne, alichokiandika kwa ajili ya matibabu ya dharura. Agizo lake juu ya qinghao ni fupi mno. Humwelekeza mtu kuuloweka mmea huo katika maji, kuukamua, na kuyanywa maji yake. Wasomaji wangapi walilipitia agizo hilo katika miaka elfu moja na mia sita? Kilichomgutusha Tu ni kitenzi kisichokuwemo. Tabibu hakusema kuchemsha.

Mfasiri anajua uzito wa jambo hili. Katika lugha yetu pia hatufanyi yote kwa neno moja: dawa huchemshwa, hulowekwa, hutwangwa, hukamuliwa, hufukizwa, na bibi zetu wasingekubali uchanganye vitenzi hivyo. Bibi yangu alipotufukiza kwa majani ya mwarobaini alitufunika shuka mpaka jasho litutiririke, lakini majani ya chango aliyaloweka usiku na hakuyatia motoni hata kidogo. Ukimuuliza kwa nini, alijibu, "Hiyo ndiyo namna yake." Tu Youyou aliuliza swali hilo hilo la mjukuu, na akajijibu kwamba huenda moto ndio unaoiua dawa. Akabadili njia: badala ya kuchemsha kwa maji, akakamua kwa etha, ambayo huchemka kwa nyuzi 35 tu. Tarehe 4 Oktoba 1971, kikamuo nambari 191 kilisafisha vimelea vyote katika damu ya panya.

Mwaka uliofuata Tu na wenzake wawili walikinywa wao wenyewe kwanza, ili waone kama kina madhara, kisha wakakipeleka kwa wagonjwa wa Hainan. Mwezi Novemba 1972 wakapata fuwele safi, ambayo leo dunia inaijua kwa jina la artemisinini.

Kuna fumbo la pili, nalo ni la nomino. Jina qinghao vitabuni lilibeba zaidi ya mmea mmoja. Ule uliouzwa madukani kwa jina hilo haukuwa na dawa. Wenye dawa ni mwenzake wenye maua ya manjano, Artemisia annua, na hata huo hutofautiana, wa Sichuan ukiwa na nguvu kuliko wa Beijing. Vikundi vya Yunnan na Shandong vilitenga fuwele zao wenyewe, na daktari Li Guoqiao akathibitisha kwa wagonjwa mahututi jinsi dawa ilivyo ya haraka. Makala ya kwanza juu ya umbo la dawa hiyo yalichapishwa mwaka 1977 kwa jina la kikundi, bila ya jina la mtu. Sifa ni za wengi. Jicho lililosoma upya lilikuwa moja.

Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Madaktari wa Kichina wamefanya kazi Unguja na Pemba tangu mwaka 1964, lakini dawa ya nchi yao ilichukua muda mrefu kuvuka bahari ile ile. Mwezi Novemba 2001 Zanzibar iliamua kuiacha klorokwini, na mwezi Septemba 2003 wagonjwa wakaanza kupewa artesunati pamoja na amodiakwini. Watu wakaiita dawa mseto, jina lililochukuliwa kutoka jikoni, kwenye mchele uliopikwa na choroko, nalo limeeleza ukweli kuliko maelezo mengi ya wataalamu. Artemisinini huua vimelea vingi kwa haraka, lakini hutoweka mwilini katika saa chache. Mwenziwe ni mpole, ila hukaa siku nyingi akimalizia mabaki. Mmoja akipewa peke yake, vimelea vinavyobaki hujifunza.

Matokeo yalionekana. Katika Wilaya ya Kaskazini A, Unguja, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 52 kati ya mwaka 2002 na 2005. Vyandarua vyenye dawa na upigaji dawa majumbani vikafuata mwaka 2006, na miaka miwili baadaye waliokutwa na vimelea katika vipimo vya jamii hawakufikia mmoja kwa mia. Sisi tuliozoea kuona wodi za watoto zimejaa kila masika, hatukuamini.

Hata hivyo visiwa hivi vilikwisha kuona furaha kama hiyo. Kati ya mwaka 1958 na 1968 nyumba zetu zilipigwa DDT, malaria ikashuka sana. Kampeni iliposita, ikarudi. Miaka ya 1980 ikajaribiwa tena, ikashuka, ikarudi. Kumponya mgonjwa ni kazi moja, na kuukata ugonjwa usipite kwa jirani ni kazi nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa waliongezeka tena visiwani, tukakumbushwa.

Tofauti ya kazi hizo mbili imo ndani ya damu. Vimelea vingi vya mgonjwa ndivyo vinavyomletea homa na baridi. Vichache hugeuka vikawa dume na jike. Hivi havimuumizi, kazi yake ni kumngojea mbu. Mbu jike akivifyonza, harusi yao hufungwa tumboni mwake, na baada ya siku kadhaa yuko tayari kukipeleka kizazi kipya nyumba ya pili. Aliyeona vimelea ndani ya tumbo la mbu huyo, tarehe 20 Agosti 1897 huko Secunderabad, India, ni tabibu wa jeshi Ronald Ross, na wapenzi wa ushairi watafurahi kujua kwamba alikuwa mshairi na kwamba aliusherehekea ugunduzi wake kwa beti.

Klorokwini haikuvimaliza vimelea hivyo vya uzazi vilivyokomaa, na hata artemisinini huviacha vingi. Mtu anaweza kuinuka kitandani amepona, akakaa barazani na wenziwe jioni, na bado akawa chemchemi ya ugonjwa. Dawa inayoviua ni primakwini, iliyojulikana tangu miaka ya 1940. Lakini huweza kuharibu damu ya wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na watu hao ni wengi katika mwambao wetu. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja ndogo, isiyo na hatari kwa wengi wao. Mwaka 2016, katika shehia za Zanzibar zilizobaki na malaria zaidi, wagonjwa na wazima waligawiwa dawa mseto na primakwini kwa mikupuo miwili. Miezi sita baadaye shehia hizo hazikutofautiana vya kutosha na zile ambazo hazikugawiwa. Ugonjwa uliendelea kuingia kwa njia nyingine, wakiwemo wasafiri, kama ulivyokuwa mkunguru wa zamani.

Kuna njia nyingine iliyojaribiwa karibu nasi, Kwale, pwani ya Kenya: kumpa binadamu dawa itakayomuua mbu anayemnyonya. Dawa hiyo ni ivermektini, inayojulikana kwa kutibu minyoo na usubi. Ilitolewa mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba maambukizi mapya kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26. Si nyingi, wala si haba. Na ajabu ya kalenda ni hii: mwaka 2015, Tu Youyou alipopewa Tuzo ya Nobel, nusu ya pili ya tuzo ilikwenda kwa William Campbell na Satoshi Ōmura, waliowezesha kupatikana kwa dawa ya ukoo wa ivermektini. Waliokaa jukwaa moja Stockholm, dawa zao zikakutana katika vijiji vya Wadigo.

Sasa nirudi kwenye hofu. Tangu mwaka 2008 ziliripotiwa dalili za usugu wa artemisinini huko Kambodia, katika upande ule ule ulikotokea usugu wa klorokwini. Kisha haukuhitaji tena kusafiri: ulizuka hapa hapa Afrika. Rwanda ilitoa taarifa mwaka 2020, Uganda mwaka 2021, na mwaka 2024 ukaelezwa katika mkoa wa Kagera, Tanzania. Dawa mseto bado inaponya kwa kuwa mwenziwe anaibeba, lakini mwenziwe naye ana kikomo. Ndiyo maana inatafutwa dawa isiyo ya ukoo huo. Mojawapo, ganaplasidi, ilichaguliwa kutoka katika molekuli zaidi ya milioni 2 zilizochambuliwa maabarani, na mwezi Novemba 2025 ilitangazwa kwamba ikiunganishwa na lumefantrini ilifanya vizuri kwa wagonjwa wa nchi 12 za Afrika, wakiwemo watoto. Inavipiga pia vimelea vya uzazi. Tu alipekua vitabu. Hawa walipekua molekuli. Kazi ni ile ile ya kutolipita jambo kwa sababu limeshapitwa.

Nchini Malawi klorokwini ilisimamishwa mwaka 1993. Ilipojaribiwa tena zaidi ya miaka kumi baadaye, iliponya karibu kila mgonjwa, kwa sababu vimelea sugu vilikuwa vimepungua pasipo dawa ya kuvipa faida. Kwa hiyo dawa ni amana, si mali ya anayeimeza. Anayeuza vidonge nusu dozi, anayetoa artemisinini bila ya mwenziwe, anayeacha siku ya pili kwa kuwa homa imepoa, wote wanatumia akiba ya mtoto wasiyemjua.

Mwaka jana nilimsomea dada yangu sehemu ya haya, ile ya asilimia 60. Alinyamaza muda mrefu, akaniomba nimsomee tena tarehe. Hakusema kwamba amejisamehe, nami sikumuuliza. Baada ya wiki chache mjukuu wake aliyekuja kutoka bara alipimwa, akakutwa na malaria, akapewa mseto. Siku ya tatu mtoto alikuwa akicheza uani, hana homa, hataki kuguswa. Dada yangu alimshika mkono, akamkalisha jamvini, akampa kidonge cha mwisho na maji, akamwambia afungue kinywa aone. Kisha akamwachia aende zake akacheze.